Mnyama wa Ngazini

Mwenyekiti wa jengo letu ana mkono mwepesi wa kuondoa. Aliondoa benchi la mlangoni, eti linakusanya maneno. Akaondoa kamba za kuanikia nguo. Michoro ya chaki ya watoto aliifuta mwenyewe, suruali kaikunja magotini. Wengine wamesahau. Mimi sijasahau, wala sina mpango.

Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo kwamba Jumamosi ukuta wa ngazi utapakwa chokaa, nilijua anayetafutwa ni dada yangu.

Dada ni mpiga pasi. Akishatoka kwenye mvuke wa nguo za watu, huchora wanyama waliokufa kabla binadamu hajajua kuzaliwa. Kwenye ukuta wa ngazi alikuwa anamchora mmoja wa wale wenye shingo ndefu. Mkia ulianzia mlango wa chini, ukapanda na vidato. Paja likajaa ghorofa ya kwanza, mbavu ya pili, shingo ya tatu. Ghorofa ya juu kabisa, anakokaa mwenyekiti, ulibaki ukuta mtupu unaongoja kichwa.

Mwenyekiti alimkuta juu ya stuli, brashi mkononi.

"Nani kakwambia alikuwa na mistari?"

"Hakuna anayejua, mwenyekiti. Mifupa haisemi rangi. Nimemchagulia mimi."

"Umemchagulia! Mtu mzima na pasi zako, unamvisha mjusi!"

Dada alishuka kwenye stuli, akaosha brashi. Usiku huo alisema neno moja tu: "Wafute, lakini nimalize kichwa kwanza. Kumwacha bila macho ni dhambi."

Mimi si wa kunyamaza. Nilibisha kila mlango. Na milangoni ndipo nilipogundua jambo: watu walikuwa wameacha kuhesabu ghorofa. Muuza magazeti alipaza sauti, "Mbavuni! Gazeti lenu!" Fundi saa, mtu wa haya nyingi, alininong'oneza, "Njoo tuongee nyumbani, pale... pale pajani." Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi ngazi zilijaa watu, dada naye akiwemo. Fundi rangi alipanda na ndoo yake ya chokaa mpaka juu kwa mwenyekiti, akakoroga, akamtazama mnyama kwa huruma.

"Nianzie wapi, mkuu?"

"Mkiani," alisema mwenyekiti, kisha akakunja uso, kama aliyeuma ulimi.

Nilikuwa na hotuba. Niliipika wiki nzima: benchi, kamba, chaki, vyote vilikuwemo. Nikapanda kidato, nikakohoa. Simu ya mwenyekiti ikalia.

"Shikamoo, mama mkwe! Umefika? Ndiyo, jengo hilohilo. Ingia tu, fuata mkia. Usikimbie, ukifika mbavuni pumzika kidogo. Halafu shingo yote mpaka mwisho. Sisi tuko kichwani."

Ngazi nzima iligeuka kumtazama. Akakata simu.

"Kichwani wapi, mwenyekiti?" aliuliza fundi saa, haya zote zimemtoka. "Kichwa si hakipo?"

"Na mimi nikishafuta," fundi rangi akadakia, "huyo mama atafuata nini? Chokaa?"

Kicheko kilianzia mkiani kikapanda mpaka juu. Mwenyekiti aliinua mkono kukiondoa, hakikuondoka. Mlango wa chini aliingia mama mmoja mzito, mkoba kwapani, kiganja kikiteleza juu ya mistari ya mkia, akipanda polepole kama alivyoelekezwa. Alipofika kwa mkwewe alikuwa anahema.

"Mnyama mzuri, baba. Umemweka wewe?"

Tulimtazama mwenyekiti wote.

"Ame... amewekwa na binti huyu," alisema. "Bado anamalizia."

Fundi rangi akafunika ndoo yake. Hotuba yangu ilinioza mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuililia.

Jioni ileile nilimshikia dada stuli, juu kabisa, mbele ya mlango wa mwenyekiti.

"Mpe sura ya mwenyekiti," nilimwambia. "Hata pua tu."

"Mnyama kakukosea nini?" Akachovya brashi. Akachora taya, akachora jani katikati ya meno, kisha jicho moja kubwa, jeusi, lenye nuru, linalotazama chini kwenye ngazi zote alizopanda.

Mdomo ulimalizikia kandokando ya fremu ya mlango. Siku hizi mwenyekiti akiulizwa anakaa wapi, hujibu kwa sauti ndogo:

"Mdomoni."

Nami hilo pia sitalisahau.