Kamba ya Mazoezi

Alhamisi moja ya Februari, saa tisa alasiri, maharusi wa mji wetu wa San Ruperto walikuwa wakifanya mazoezi ya harusi ya pamoja kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa. Kila mwaka Meya huwafungisha ndoa bure wasio na uwezo wa kufanya sherehe. Bibi harusi mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa, bwana wake akamkimbiza hospitali, na mstari ukabaki na pengo.

"Rodel, hebu njoo," akaita Manang Luming, msimamizi wa shughuli. Rodel alikuwa akiunganisha nyaya za spika. "Na wewe Wilmar, achana na hayo mapazia. Simameni hapa, mjifanye wapenzi."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko na vigelegele.

"Wamependezana hao!"

"Mshike mkono basi, Wilmar, unaona haya ya nini?"

Manang Luming alishangilia kuliko wote. Mkobani mwake hamkosi riwaya za kuchekesha za wanaume wawili wanaojifanya wapenzi kisha wakapendana kweli. Anazipenda, husema, kwa sababu humo watu hushikana mikono kwanza, na wakati wa watu kuwakasirikia ukifika kila mtu amekwisha kuwapigia makofi.

Wilmar akamshika Rodel mkono. Walikuwa wamependana muda mrefu bila kuambiana, waoga wote wawili. Sasa ilikuwa mchezo, kwa hiyo iliruhusiwa, na Rodel akaona raha. Wasimamizi wakawazungushia mabegani ile kamba nyeupe ya hariri inayowaunganisha maharusi. Meya naye, aliyeamka vizuri siku hiyo, akawatangaza kuwa wameoana. Watu wakapiga makofi kwa moyo mmoja.

Mazoezi yalipokwisha, kamba za wengine zikavuliwa. Yao ikagoma. Wakaivuta, wakaipaka mafuta ya nazi, wakaletewa mkasi, na mkasi ukawa butu.

"Haya, nendeni nayo," akasema Manang Luming. "Ila Jumamosi, siku ya harusi, irudi. Ni mali ya manispaa."

Nyumbani kwa kina Wilmar, mama yake akawapakulia wali na samaki, akaisogeza kamba isiingie kwenye mchuzi.

"Ulikuwa utani tu, Nanay," Wilmar akamwambia mama, akicheka.

Papo hapo kamba ikalegea, ikateleza hadi kwenye kiwiko cha Rodel. Rodel akaacha kula. Wilmar akamtazama, kisha akaweka kijiko chini.

"Nimedanganya. Haukuwa utani."

Kamba ikapanda, ikakaa mahali pake. Mama akauliza nani anaongezewa wali.

Jumamosi Meya alifungisha ndoa kuanzia mwanzo wa mstari, mpaka akafika mwisho na kuwakuta wamesimama, mashati yamepigwa pasi.

"Nyie mnataka nini?"

"Ndoa, Meya," akasema Rodel. "Juzi ulitufungisha."

"Juzi yalikuwa mazoezi, bwana. Sheria hairuhusu."

"Kamba haikuambiwa hivyo," akasema Wilmar.

Waliopiga makofi Alhamisi sasa walikuwa wakikagua viatu vyao. Meya wetu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Akawainamia, akasema kwa upole, "Wanangu, semeni tu ulikuwa utani. Kamba itaanguka, mle tambi za pansit kama wenzenu, na hakuna atakayewauliza kitu tena."

Rodel akaomba maikrofoni. "Haukuwa utani," akasema, na spika zake, ambazo ni nzuri, zikaifikisha sauti hadi sokoni.

Hawakupewa cheti. Walipewa pansit.

Mji umeizoea kamba. Hurefuka kidogo mmoja akienda kuoga, hufupika wakigombana. Akina mama huitundikia nguo zilizolowa mvua ikiisha, na hakuna anayeona ajabu. Wilmar alipolazwa kwa homa ya dengi, kamba ilipita juu ya shuka hadi kwenye kiti cha Rodel, na muuguzi aliinyanyua kwa adabu kila alipobadilisha dripu. Kisha akamtoa Rodel hadi nje ya mlango, kwa sababu waliobaki ndani walitakiwa kuwa ndugu. Rodel alikaa sakafuni kwenye korido, kamba imepita chini ya mlango, na kila nesi aliyemwambia kwamba angeisema ile sentensi moja, kwamba ulikuwa utani, angekwenda kulala kwake alijibiwa kwamba hapo ndipo kwake.

Kila Februari wanarudi, wanasimama mwisho wa mstari. Siku za mazoezi Meya huwatumia kuwafundisha maharusi wapya, kwa kuwa hakuna wanaoijua kazi hiyo kama wao. Siku yenyewe huwaruka. Nao wameamua kuitikia kila ndoa: Meya akimuuliza bibi harusi wa kwanza kama anakubali, wao pia husema, "Nakubali," na wa pili vivyo hivyo, mpaka wa mwisho. Meya ameshawakataza, ameshawaitia polisi, na polisi walikuta hakuna kifungu kinachomkataza mtu kukubali.

Mwaka huu tena aliwafikia, akakunja karatasi zake, akageuka kwenda kula.

"Nakubali," akasema Rodel mgongoni mwake.

"Nakubali," akasema Wilmar.

Meya akaendelea kutembea. Wao wakasema tena.