Sala Zilizotoboa Bati la Mama Pasi

"Hii sauti ni ya nani kama si yako?" Mama Pasi aliuliza, amekibana kile kitu kwenye sikio la jirani yake. "Sikiliza vizuri, usikunje uso. Ni ya nani?"

"Sauti hufanana," alisema Mzee Jenereta.

"Inafanana na ya nani mwingine hapa mtaani? Nani mwingine anamkumbusha Mungu kwamba tangu ujana wake hajawahi kuchelewa ibadani?"

Watu waliojipanga ukutani wakaangua kicheko. Ugomvi ulikuwa kwenye kichochoro kati ya nyumba zao mbili, asubuhi, saa ya kuanika nguo, kwa hiyo haukukosa wasikilizaji. Fundi cherehani alikuwa ametoka na tepu yake shingoni, na mke wa mwenye duka alikuja na kigoda kabisa, maana aliwajua hawa wawili hawamalizi upesi. Juu yao bati la Mama Pasi lilikuwa na tundu jipya. Ndani, chini ya tundu hilo, shati jeupe la mteja lilikuwa limelala mezani na doa la vumbi kifuani.

Kile kitu kilikuwa sala. Kilikuwa na umbo la mche wa sabuni ya kufulia, rangi ya chai ya maziwa, pembe zote zimenyooka, na kilikuwa bado na joto. Ukikiweka sikioni kilisema, kwa sauti nene isiyo na haraka, maneno yaleyale yaliyosemwa alfajiri kwenye ua wa nyumba ya pili.

Sala za Mzee Jenereta zilikuwa zikianguka kwa miaka. Zamani zilitua nyuma ya nyumba ya Mama Pasi, kando ya pipa la maji, naye hakulalamika kwa sababu zilimfaa. Moja ilizuia mlango wa jikoni usijifunge, nyingine aliinulia mguu mfupi wa meza ya kupigia pasi, na zile ndogo alikandamizia mashuka yasipeperuke. Lakini tangu mke wa Mzee aanze kuugua jicho, sala zilikuwa zimenenepa, na sasa zilitua kwenye bati. Hakuna aliyeona kioja. Mtaa ule ulizoea kuangukiwa: mapapai, mipira, paka wa mwenye duka. Kilichobishaniwa ni nani atengeneze bati.

"Sala zangu zinapanda," alisema Mzee, akiweka kola sawa. "Nazisikia kabisa zikiondoka."

"Kuondoka zinaondoka, baba. Shida yake zinarudi."

Fundi wa mabati, aliyekuwa ameitwa kutazama tundu, aliichukua ile sala akairusharusha kiganjani. "Mbele nzito, nyuma nyepesi," alisema. "Kitu cha namna hii hakikai juu." Akapanda ngazi yake.

Jina la Jenereta alipewa kanisani, tena kwa heshima. Umeme ukikatika katikati ya ibada na vipaza sauti vikanyamaza, yeye husimama na kuomba, na hata wauza mboga walioko nje ya geti husema amina. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Wachuuzi walimwogopa, alikuwa akiishika nyanya tu anajua umeibiwa kiasi gani. Mizani yake ya kazi bado alikuwa nayo, imefunikwa kitambaa sebuleni, na sala zake alizipanga vilevile kama alivyopanga mawe ya mizani, kubwa mbele, ndogo nyuma. Kwanza alieleza yeye ni nani. Kisha alichofanya. Kisha akashukuru kwa kujaliwa unyenyekevu ambao, alisema, si watu wengi wanao siku hizi. Mwisho kabisa, akiwa ameanza kukaukiwa na sauti, alitaja haja.

Na wiki ile haja ilikuwa moja tu. Mkewe alikuwa hospitali. Jicho la kushoto lilikwisha zamani, na la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Lilikuwa limefungwa bandeji, na daktari angeifungua Ijumaa. Mkewe alimwambia kwa simu, "Mimi nitatulia, wewe omba." Sasa Mzee alikuwa amesimama kichochoroni, sikio lina joto, akijiuliza kimoyomoyo: kama kila anachosema kinaishia juu ya bati la dobi, nani anamsemea yule mama?

Hilo hakulisema. Alisema, "Nitaleta suala hili kwenye kikao."

Kikao kilikuja chenyewe, mchungaji na wazee wa kanisa wenzake Jenereta, suti zote, wakajibana kichochoroni. Mchungaji aliiweka sala sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, ambako kulikuwa mbali, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni sala nzuri," alisema. "Imepangika."

"Ndiyo hiyo iliyopangika imenitobolea nyumba," alisema Mama Pasi.

Wazee walishauriana wakakubaliana kwamba juu ya bati yawekwe matairi makuukuu, sala zikifika zidunde taratibu. Fundi wa mabati akauliza kwa nini ziangukie nyumba hii na si nyingine, maana hata upepo siku hizi unavuma upande ule mwingine. Mchungaji akatazama viatu vyake. Mzee mmoja akasema ni jiografia.

"Na lile suala langu?" aliuliza Mama Pasi.

Wote walijua suala gani. Zamani, alipomzaa binti yake bila mwanamume wa kusimama naye, alitakiwa aende mbele ya kanisa amtaje baba. Akakataa. Alisema mtoto keshafika, kelele za nini. Kwa hiyo akawekwa benchi la nyuma, akazuiliwa Meza ya Bwana mpaka atakapojirekebisha. Aliyetoa hoja alikuwa Mzee Jenereta, na aliitoa vizuri. Watu walizungumzia ile hotuba wiki nzima. Yule binti sasa alikuwa mtu mzima, anafundisha watoto Jumapili katika kanisa hilohilo, na watoto wanampenda. Mama yake bado alikuwa nyuma, karibu na mlango, pamoja na ndoo za maua.

"Lipo kwenye ajenda," alisema mchungaji. "Kikao kijacho."

"Haya," alisema Mama Pasi, akarudi kupuliza mkaa wa pasi yake.

Mzee Jenereta hakukaa bure. Alijaribu kuomba kwa kunong'ona. Ikaanguka ndogo, lakini ilikuwa ngumu kama kokoto. Alijaribu kuombea ndani ya kabati la nguo. Ikatoka, ikavuka ua, ikaanguka na harufu ya dawa ya nondo. Alipanda juu ya tangi la maji ili apunguze umbali. Mwisho alikwenda mtaa wa pili, kwa shemeji yake, akaombea huko mlango umefungwa. Ile ilichelewa kidogo kwa kuwa ilikuwa na safari, lakini ilifika. Mama Pasi aliiokota akamwita kutoka dirishani: "Mzee! Mzigo wako umeingia!"

Ijumaa asubuhi akajifunga kibwebwe. Alitoa sala kubwa kuliko zote, alianza nayo utotoni mwake, akapita ubatizo, akapita ujenzi wa kanisa ambako yeye binafsi alibeba mchanga, na alipofika kwenye jicho la mkewe jua lilikuwa limeshapanda. Sala ikaenda juu. Ikagonga tairi, ikaruka, ikatua kwenye karai la Mama Pasi, na maji yote ya bluu yakamwagika juu ya Mama Pasi mwenyewe.

Safari hii hakupiga kelele. Alibaki amesimama, anachuruzika, anamtazama juu ya ukuta. Hilo lilimuumiza Mzee kuliko matusi. Alichukua mizani yake, akaikumbatia kama mtoto, akapita kichochoro na kuingia nyuma ya nyumba ya jirani. Hakuwahi kukanyaga pale tangu siku ya ile hoja.

"Nimekuja kuzichukua," alisema. "Nizipime, nijue kosa liko wapi."

"Chukua. Ila ya mlango wa jikoni niachie, nimeizoea."

Rundo lilikuwa refu kuliko alivyodhani. Aliokota ya kwanza, akaisikiliza, akaweka chini. Akaokota nyingine.

"Hii ni ya mvua," alisema. "Ule mwaka wa ukame."

"Naijua. Iliua kuku wangu."

"Lakini mvua ilinyesha!"

"Ilinyesha hasa. Tulihamisha vitanda."

Mzee alikuwa ameitolea mvua ile ushuhuda kanisani, tena si mara moja. Aliiweka sala kwenye mizani. Mshale ukakimbia mpaka mwisho, ukagonga ukingo, ukabaki hapo unatetemeka. Akaokota nyingine: ya binti yake, alipokuwa mjamzito na madaktari wamekunja nyuso. Sala ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Haikuwa imefika popote. Na mjukuu mwenyewe jana tu alikuwa amemtafunia miwani. Akaipata ya pikipiki ya mchungaji. Akaipata ya mguu wake mwenyewe, mguu aliokuja nao hapa akitembea.

"Zote ziko hapa," alisema.

"Zote. Mimi situpi kitu cha mtu."

"Sasa hivi vitu nani aliviomba?"

Mama Pasi alikuwa anakamua khanga yake iliyolowa. "Watu wengine labda. Mimi nikipuliza mkaa huwa nasema mawili matatu, mkeo namtaja. Lakini mzee wangu, mimi naona vingine hakuna aliyeviomba vikafika. Mungu alivitoa tu. Ndivyo alivyo."

Mzee Jenereta akakaa. Alikaa juu ya ukame, miguu ameiegemeza kwenye pikipiki ya mchungaji, akatazama mizani yake na mshale wake uliokwama. Kitu kikaanza kumtekenya tumboni. Alidhani ni kilio, kikatoka kicheko, tena kile cha kushika mbavu. Fundi cherehani akachungulia juu ya ukuta. Mke wa mwenye duka akafuata kigoda.

"Miaka yote!" alisema Mzee, akifuta macho. "Mama Pasi, miaka yote nimekula bure!"

"Wote tunakula bure, baba. Wewe tu ulikuwa unatembea na mizani."

Alipotulia, alivua kofia. Mama Pasi alipoona midomo yake inajiandaa, alivuta karai pembeni na kuwaonyesha majirani kwa mkono wasogee. Wakasogea.

"Bwana," alisema Mzee. Akasita. Alizoea sehemu hii kuwa na maneno mengi. "Mimi sina cha kukuambia kuhusu mimi. Yule mama mwangalie."

Wakainua nyuso wote, wakasubiri. Fundi cherehani alijikinga kichwa kwa kitambaa cha mteja. Wingu dogo likapita. Bati likalia kidogo kwa joto la jua, kama bati lolote, likanyamaza. Hakikuanguka kitu.

"Labda inachelewa," alisema mke wa mwenye duka.

Walikuwa bado wanatazama juu teksi iliposimama mbele. Mlango ukafunguliwa, na mke wa Mzee akapita kichochoro peke yake mpaka nyuma, bila kushikwa mkono, kipochi kwapani. Alimtazama mumewe, akatazama ukuta uliojaa vichwa, akatazama juu.

"Nani ameweka matairi kwenye nyumba ya watu?" aliuliza.

Mzee Jenereta akaangusha kofia. "Unayaona?"

"Mbona nayaona mpaka chapa zake. Na wewe umekonda, au ni mimi nilikuwa sikuoni vizuri? Wamenifungua asubuhi, jua halijachomoza. Daktari kanyoosha vidole, nikamwambia akate kucha."

Vigelegele vilipopungua Mzee alikuwa anafanya hesabu. Jua halijachomoza. Ile sala kubwa alikuwa hata hajaianza. Na hii ndogo ndiyo kwanza imeondoka.

"Basi hata hii haikuwahi," alimwambia Mama Pasi pole pole.

"Haidhuru. Itasema asante ikifika."

Ndani ya nyumba harufu ya maharage na kitunguu cha kukaanga ilikuwa imeanza kutoka. Binti wa Mama Pasi alikuwa anaweka sahani, na mke wa Mzee alikuwa ameshaingia bila kungoja kuitwa, anasikika akisifu pazia, rangi ya pazia, na maua ya pazia. Fundi cherehani naye akakumbuka kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, akazunguka na kuingia kwa mlango wa mbele. Mzee alibaki nje, kwenye kizingiti cha jikoni, karibu na sala iliyozuia mlango. Aliitambua. Ilikuwa ya siku ile ya hoja. Alikuwa ameomba hekima kabla ya kusimama.

"Mama Pasi," alisema, "nitazungumza na kikao. Jumapili hii hii. Nitasema mimi mwenyewe."

"Sema, baba. Wataahirisha."

Na kweli waliahirisha. Mzee alisema kwa maneno machache mno, watu hawakumwelewa; walizoea aseme sana. Suala likabaki kwenye ajenda, na Mama Pasi akabaki nyuma pamoja na ndoo za maua. Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Siku ile ilikuwa bado Ijumaa, mchana, wali unatoa mvuke, na Mzee Jenereta amesimama mlangoni na mizani mikononi, hajui aiweke wapi.

"Mimi ndiye niliyekuzuia mezani," alisema.

"Najua. Nilikuwepo," alisema Mama Pasi, akamwinamishia birika la maji ya kunawa. "Hilo dude liweke hapo nje. Ingia, baba, chakula kinapoa."