Ndoa ya Haitham na Kompyuta ya Chumba cha Chini

Asubuhi kompyuta ilikuwa nzima. Nassra aliijaribu mwenyewe, akaongea na mdogo wake Haitham aliyeko Maskati, kisha akapanda juu kupika, roho yake kwatu. Sasa ni alasiri, ndoa ya Haitham inakaribia kusomwa, na mtandao hakuna.

Kwa nini wasitumie simu? Leo usimuulize Nassra swali hilo. Nyumba yao ya Malindi ina kuta nene za mawe, na chumba cha chini simu haishiki asilani. Mama yao, Bi Mwanapili, amepooza miguu, hulala humo chini, ngazi za kupandia juu haziwezi. Ndiyo maana waya ulishushwa kutoka kwenye ruta ya ghorofani mpaka kwenye kompyuta kando ya kitanda chake, makusudi aione ndoa ya kitinda mimba wake.

Nassra alibadilisha waya. Akabadilisha tundu kwenye ruta. Akaingia kwenye mipangilio, akauzima mtandao wa waya, akauwasha. Akaizima kompyuta yote, akaiwasha tena. Kila mara kioo kilimwambia waya haujachomekwa, na waya kauchomeka kwa mkono wake! Alitamani kulipiga teke dude lile.

"Nassra!"

"Naam, mama."

"Washaanza?"

"Bado," alisema, wala hakuwa na hakika.

Akaivuta kompyuta, akamulika nyuma kwa tochi. Harufu ya mawaridi ikampiga puani. Tundu la waya lilikuwa limelowa chepechepe.

"Mama, nani kaitia marashi kompyuta?"

"Mie. Mrashi si nnao hapa? Mwanangu anaingia kwa mlango huo, na harusini mtu hapokewi mkavu. Nmenyunyiza kila upande."

Hasira zilimpanda Nassra, zikakosa pa kushukia. Amgombeze nani? Alichomoa umeme, akakimbilia juu kuchukua draya ya nywele, akarudi kulipuliza lile tundu huku akiomba dua na kulaani kwa zamu. Alipowasha, kijitaa cha nyuma kikawaka kijani.

Picha ilipofunguka, sinia za halua zilikuwa zinapita. Wanaume wameshainuka, wanapeana mikono. Ndoa imeshasomwa. Nassra alitaka kulia.

Haitham akaisogelea kamera, uso umemjaa furaha. "Mama! Umeniona nlivyoitikia?"

Bi Mwanapili alimkata jicho Nassra, anyamaze. Kisha akajivuta karibu na kioo.

"Nmekuona, baba. Wala sauti haikukutetemeka."