Ufa Chini ya Nailoni

Ka.

Mlio mmoja tu, mfupi, mkavu, kama muwa unaovunjwa gotini. Anselmi aliusikia chini yake kabla hajaona lolote, maana ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umeufunika mteremko wa Zombo na baiskeli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kushika kasi. Nyuma yake, kwenye keria, mkewe Tumwagile alikuwa amekaa upande, mkono mmoja tumboni mwake, mwingine kiunoni mwa mumewe. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

Usukani ukaanza kucheza kama jino bovu. Anselmi akabana breki zote mbili na kuburuza miguu, kokoto zikaruka. Walisimama hatua tano tu kutoka ukingoni. Huko chini korongo lilikuwa likinguruma na maji ya mvua.

"Ni nini?" Tumwagile akauliza.

"Cheni imeruka."

"Cheni hailii hivyo."

"Nimesema ni cheni, mama. Shuka taratibu."

Anselmi alikuwa kijana anayetembea kifua mbele, na baiskeli yake ya gia ndiyo iliyokuwa kifua chenyewe. Alikuwa ameizungushia vipande vya nailoni, nyekundu kwa nyeupe, kuanzia shingoni hadi kwenye kiti, kama wafanyavyo vijana wote wa huko, hata chuma kisionekane. Akipita nayo na madumu ya maziwa, watoto walimkimbilia. Kila Pasaka aliongeza nailoni mpya juu ya ile ya zamani.

Sasa aliinama, mgongo wake ukimkinga mkewe asione, akaichana. Pale bomba la juu linapoungana na shingo ya fremu palikuwa na ufa, umezunguka zaidi ya nusu. Lakini si ufa uliomkausha mate. Ilikuwa kutu. Ufa wa leo hung'aa. Huu ulikuwa wa kahawia, umezeeka. Ulikuwa humo kwa wiki nyingi, umevaa nguo alizouvika mwenyewe. Akakumbuka madumu. Akakumbuka safari tatu za kliniki, mteremko huuhuu, na jinsi alivyokuwa akiachia breki makusudi ili Tumwagile apige kelele na kumkumbatia.

Akairudishia nailoni upesi. Wakaenda kwa miguu.

Kliniki, nesi Odilia alimpapasa Tumwagile muda mrefu. "Mtoto amekaa kitako," alisema. "Hapa hatumzalishi mama ambaye mtoto wake amekaa hivi. Ukihisi uchungu, usisubiri hata chai iive. Fika hapa, gari likupeleke Kilosa."

Kufika ndiyo ilikuwa kazi. Daraja la korongo lilikuwa limechukuliwa na mafuriko, yakabaki magogo mawili. Pikipiki haikuweza kuvuka hapo. Baiskeli ilibebwa begani, mgonjwa akashikwa mkono, kisha safari ikaendelea. Bila baiskeli, Tumwagile angetembea saa tatu na uchungu wake.

Kesho yake Anselmi alikwenda Mikumi na baiskeli iliyovunjika, na mfukoni shilingi elfu sitini na tano alizopata kwa kuuza ufuta. Fundi Mudi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu. Malori yalipopita, fremu zilizotundikwa ukutani zilitetemeka zote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umemleta marehemu?" Mudi aliitazama baiskeli, akapitisha kidole kwenye ufa. Utani ukamtoka usoni. "Na ulikuwa unapanda hii?"

"Nilikuwa nabeba mtu."

Mudi akashusha fremu tatu. Ya kwanza mpya, chuma cheusi, laki moja na ishirini. Anselmi aliitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya tajiri, akapita. Ya pili ya mtumba, nyepesi, imezungushiwa nailoni ya bluu na njano iliyopangwa kwa ustadi: elfu sitini. Ya tatu ilikuwa ya kike, haina bomba la juu, rangi yake nyekundu imebabuka: elfu hamsini na tano.

Moyo wa Anselmi ulikwenda kwenye ile ya pili kabla ya macho. Kijana mmoja mfugaji, Lenku, alikuwa amekaa kwenye ndoo akisubiri kuzibiwa tairi, fimbo magotini. Naye alikuwa ameshaona.

"Chukua hiyo ya bluu, rafiki," Lenku alisema. "Ile nyekundu ukipanda, itabidi na kanga ujifunge."

"Wewe ng'ombe zako umemwachia nani, hadi uje unichagulie fremu?"

"Ng'ombe wangu hawapandi baiskeli ya mke wa mtu."

Mudi akacheka hadi miwani ikateleza. Kisha akachukua spana, kama kawaida yake kabla ya kuuza, akaigonga ile nyeusi mpya. Ikalia kama kengele ya shule. Akaigonga ya bluu. Pu.

"Nailoni inameza sauti," Mudi alisema. "Fremu yenyewe nzima."

Anselmi alihisi jasho likimshuka mgongoni, na jua halikuwa kali. "Ichane, fundi."

"Uharibu urembo wote huo? Niliinunua ikiwa hivyohivyo."

"Ichane. Au nipe wembe."

Alipewa wembe. Alichana kwa pupa hadi akajikata kidole, na Lenku akasogeza ndoo yake karibu. Nailoni ilidondoka vipande vipande. Kwenye shingo ya fremu, mahali palepale, rangi ilikuwa laini kupita kiasi. Anselmi akaichokoa kwa ncha ya wembe. Ikatoka pati, ile gundi ngumu wanayozibia mabati ya magari. Nyuma yake palikuwa na mstari mweusi, ukucha ukaingia.

Lori likapita.

"Wiki nzima," Mudi alisema polepole, "nilikuwa nampeleka mjukuu wangu shule kwa hii, kabla sijaivua magurudumu." Akakaa chini kwenye udongo, spana mkononi, akawa anaitazama barabara.

Anselmi mwenyewe ndiye aliyeigonga ile nyekundu. Kiiing. Akagonga kila bomba, kila kiungo, akarudia, sikio limekaribia chuma kama daktari. Mudi alipohamishia uma na magurudumu ya baiskeli ya zamani, shingo ya fremu hiyo ilikuwa fupi kidogo kwa uma. Akaongeza washa mbili, vile vipete bapa vya chuma, ikakaa. Lenku hakucheka tena. Aliinuka, akamshikia gurudumu.

Tumwagile alipoiona, aliziba mdomo kwa kanga. "Umeninunulia mimi?"

"Ni ya wote," alisema Anselmi, na masikio yakamwaka.

"Nailoni iko wapi?"

Anselmi akaiegemeza baiskeli ukutani.

Uchungu ulikuja siku ya tisa, saa moja asubuhi, sufuria ya chai ikiwa jikoni. Waliiacha hapohapo. Safari hii Tumwagile alijiweka kwenye keria peke yake, na mumewe akapitisha mguu mahali ambapo zamani palikuwa na bomba la juu, bila kumpiga teke kama alivyokuwa akifanya.

Juu ya mteremko alisimama. Hakupanga kusimama, miguu ilikataa. Korongo lilinguruma kulekule. Alisikia kila kitu: kokoto, cheni, pumzi ya mkewe ikikatika na kurudi. Kila mlio ulikuwa ule mlio.

"Anselmi," Tumwagile alisema, vidole vikimng'ang'ania shati. "Siku ile haikuwa cheni."

"Haikuwa cheni."

"Nilijua. Niliogopa zaidi kwa sababu ulinidanganya."

Uchungu ukambana tena, akaegemeza paji la uso mgongoni mwa mumewe. Anselmi akangoja umwachie. Akagonga fremu kwa ukucha, ikalia.

"Sikia," alisema, kwa sauti, ili asiweze kulirudisha neno. "Tunashuka na breki mkononi, polepole. Nami naogopa, nakwambia. Nikisikia kitu, hata kijiti kikivunjika, nitasimama na nitakwambia ni nini. Sitakuficha tena, Tumwa. Nakuahidi."