Upande wa Pili wa Shuka

Alhamisi moja ya Septemba, Kaylee Vacek alishuka ngazi na kapu la nguo chafu kiunoni, akausukuma mlango wa chumba cha kufulia kilichokuwa chini kabisa ya jengo, akamkuta mzee mrefu, mkondefu, anapambana na shuka. Pembe moja ameibana kwa kidevu, nyingine ameikanyaga, ya tatu inamponyoka.

"Samahani," Kaylee alisema kwa Kiswidi chake cha darasani. "Nilidhani hamna mtu."

"Hamna," mzee akajibu. "Mimi nimeshakufa. Ila zamu ya Alhamisi jioni ni yangu, kufuli langu lile pale kwenye ubao wa zamu, hakuna aliyelitoa. Hebu nishikie upande wa pili."

Kaylee akatua kapu, akashika. Kwao Nebraska, Marekani, mtu akikuomba umshikie kitu, unashika kwanza, maswali yanafuata. Walirudi nyuma, wakavuta, shuka likalia pwaa! Mzee akacheka kwa sauti. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na shuka likatoka na harufu ya theluji ingawa nje majani yalikuwa bado mabichi.

Aliitwa Evert Sandahl. Maisha yake yote alikuwa mkata ngozi katika kiwanda cha viatu cha mji huo wa Örebro, mpaka kiwanda kikafungwa. Aliishi ghorofa ya pili. Januari moja aliteleza jikoni na hakuinuka tena. Kodi iliendelea kujilipa yenyewe benki, redio ikaendelea kuimba, magazeti yakaendelea kudondoka ndani kupitia tundu la mlango. Waliomwona ni mafundi waliokuja kubadilisha madirisha, na hiyo ilikuwa masika ya mwaka wa pili.

"Majirani hawakugonga?" Kaylee aliuliza.

"Walinisifu. Kwenye mkutano wa wakazi walisema, Evert ni mtu mstaarabu, hana kelele." Alisema bila kinyongo, huku akilainisha upindo kwa kidole gumba. "Mimi kilichonisumbua ni shuka tu. Mtu mmoja hawezi kukunja shuka la kitanda kikubwa. Nimejaribu nikiwa hai, nimejaribu na baadaye."

Kaylee alielewa. Wiki zake za kwanza alimsalimia kila aliyekutana naye ngazini, nao walimjibu kama watu walioulizwa pasipoti. Baadaye aligundua kwamba wakimsikia anashuka, wanasubiri nyuma ya milango yao mpaka apite. Alikuwa amekula tambi peke yake chumbani hadi akaanza kuzungumza na sufuria. Basi Alhamisi ikawa siku yake.

Mama yake alipompigia simu, Kaylee alimweleza kwamba amepata rafiki.

"Ana umri gani?"

"Amekufa, Mama."

Mama alifikiri kidogo. "Ni mtu mwema?"

"Sana."

"Basi usiende mikono mitupu. Mpelekee kitu."

Alimpelekea mikate ya mdalasini iliyoungua chini. Evert aliikwangua kwa kisu, akaisifia, akaila yote. Naye alimfundisha Kiswidi. Mwalimu wake chuoni alianza kumtazama kwa jicho la pembeni. "Kaylee, umeshaweza kuzungumza vizuri," alisema, "lakini unatukana kama fundi viatu aliyestaafu." Darasa zima likacheka, na mchana huo, kwa mara ya kwanza, wenzake walimwita wakale pamoja.

Evert hakuweza kunyamaza na furaha yake. Kule makaburini aliwasimulia wenzake kwamba kuna msichana wa Kimarekani anashika upande wa pili. Novemba wakaanza kuja. Wakaja dada wawili wa mtaa wa pili na vitambaa vyao vya meza. Akaja dereva wa basi aitwaye Ragnvald, ambaye shuka lake lilikuwa moja tu lakini alikuja pia na kodiani yake. Wanafunzi wenzake Kaylee waliposikia, nao wakashuka na mashuka yao, ambayo wengine hawakuwa wameyafua tangu wafike.

Kukunja shuka ni kusogea, kurudi nyuma, kusogea tena, na Kaylee alikuwa mjukuu wa Wacheki wa Nebraska waliocheza polka kila harusi. Aliwafundisha. Ragnvald aliposhika mdundo, dada wawili walizunguka na kitambaa cha meza baina yao, wanafunzi wakawafuata, na mvuke wa mashine ukatanda hadi miwani yote ikafifia. Evert alicheza vibaya mno, akawakanyaga watu kwa viatu alivyokata mwenyewe.

Gun-Britt Rosell, mwenyekiti wa wakazi, alishuka kuona kelele inatoka wapi. Alisimama mlangoni akawatazama mmoja mmoja, walio hai na wasio hai.

"Huyu ni Evert," alisema.

"Ndiyo mimi, Gun-Britt."

"Mlikubaliana na nani kuhusu zamu?"

Akaitisha mkutano, humo humo, watu wamekalia vikapu. Kaylee aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mtihani wowote. Alhamisi ikichukuliwa, angerudi kuzungumza na sufuria.

"Mimi kufa kwao hakunihusu," Gun-Britt alisema. "Kila mtu ana mambo yake. Ninachouliza, chujio la mashine ya kukaushia linasafishwa na nani?"

Evert akalichomoa, akamwonyesha. Halikuwa na unyuzi hata mmoja.

Gun-Britt aligeuza chujio huku na huku kwenye mwanga. "Hawa walio hai huko juu wananiachia manyoya ya paka," alisema taratibu. Ikapitishwa kwamba Alhamisi jioni ni ya marehemu na wageni wao. Kisha Ragnvald akamkabidhi pembe za shuka.

"Mimi huwa nakunja peke yangu," Gun-Britt alisema.

"Tunajua," Evert akajibu. "Tumeyaona mashuka yako."

Kicheko kilichozuka kilimwamsha paka wa ghorofa ya kwanza. Gun-Britt mwenyewe alicheka mwisho, akaushika upande wake, na kuanzia hapo hakukosa Alhamisi hata moja. Alikuwa akitangulia kuja na birika la kahawa, na akimkaripia Evert kwa kuweka sukari nyingi.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Hata Mei ilipofika, siku zimerefuka na Kaylee amebakiza wiki chache kurudi kwao, hakuna aliyetaka kukaa nje kwenye jua Alhamisi. Walikuwa katikati ya polka mlango ulipofunguka, akaingia mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya buluu, amebeba mfuko wa mashuka.

"Nimeambiwa ndipo hapa," alisema. "Naitwa Ingegerd Wahl. Nimefariki Pasaka."

"Karibu," alisema Gun-Britt. "Chujio lipo pale." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe si wa ghorofa ya nne? Mlango uliopakana na wangu?"

"Huo huo. Bado nimelala humo."

"Sikusikia chochote."

"Mimi nilikuwa nakusikia. Ulikuwa ukiimba ukiosha vyombo. Unaimba vizuri."

Kaylee naye aliishi ghorofa hiyo hiyo ya nne. Alipita mbele ya mlango ule kila asubuhi, na ndiyo kwanza analisikia jina la aliyeishi humo.

"Niende juu nikaite mtu?" aliuliza.

Gun-Britt aligeuka kutazama mashine. Maji yalikuwa bado yanazunguka. "Nitawapigia polisi ikimaliza kufua," alisema.

"Hakuna haraka," Ingegerd alisema. Alikuwa ameshatoa shuka lake kubwa, jeupe, amelikunjua, anatazama nani atashika. Gun-Britt alishika. Ragnvald akauliza angependa wimbo gani, na Ingegerd, uso umemchangamka, akasema wowote ule, mradi uwe wa haraka.