Maji Yasiyotaka Kushuka

Maji yalipanda. Yalipanda kwa upole, ya buluu, yenye viwimbi alivyovichora Akello mwenyewe kimoja kimoja, na hayakumwonea mtu haya. Yakalamba ua wa minyaa, yakaingia uani, yakalizunguka jiko la nje, yakafika kizingitini. Nyumba ya Dani ikazama tena ndani ya kompyuta, na huku nje, pale mtaani Mamboleo, jua la mchana lilikuwa likiwaka na vumbi la barabarani likitua juu ya nguo zilizoanikwa.

Ulikuwa mchezo wa kompyuta, nao Akello ndiye aliyeutunga. Boma lililokuwamo lilikuwa la nyanya yake, yule anayemwita Dani, kule Seme, ng'ambo ya Kombewa, kabla ziwa halijafura na kulimeza. Picha haikubaki hata moja. Boma lilibaki kichwani mwa Dani, na kidogo kichwani mwa Akello, na Akello aliogopa, aliogopa kweli, kwamba vichwa hivyo viwili vikinyamaza, litakuwa kama halikuwahi kujengwa.

Katika mchezo mvua hunyesha, maji hupanda, watu hukimbia. Kisha jua huwaka, maji hushuka, watu hurudi nyumbani. Ndivyo alivyotaka. Lakini maji yalipanda tu, na kushuka hayakutaka.

Simu ikaguna mezani. Alikuwa Griffins, mwenzake wa chuo, aliyesikia habari za maji hayo.

"Tuma hiyo code nikufixie," aliandika. "Hiyo mafuriko hata tunaitoa yote, game inakuwa fiti."

Ah, Griffins! Moyo mweupe, mkono mwepesi. Safari iliyopita Akello alimtumia miti iliyokataa kusimama. Miti ikasimama, tena wima, lakini ilirudi ikiwa minazi. Minazi, Seme! Na sasa alitaka kuondoa mafuriko, na mafuriko yakiondoka, Dani atakuwa alihama kwa sababu gani?

"Ngoja kwanza," Akello akamjibu, akaigeuza simu kifudifudi.

Maji yalipanda, naye akayarukia kwa pupa. Akabadilisha kasi, akabadilisha rangi, akabadilisha mvua, akabadilisha mawingu, yote kwa mkupuo mmoja. Mchezo ukakataa hata kufunguka. Akashika tama. Kando yake Dani alikuwa kwenye kigoda, akichambua maharagwe kwenye uteo, akitoa kijiwe kimoja, kisha kingine, bila haraka yoyote.

"Hiyo maji yako haina adabu," Dani akasema. "Inataka nini?"

Swali lilikuwa la mzaha, lakini lilimwingia. Inataka nini? Alikuwa ameyagombeza maji mchana kutwa na hakuwa ameyauliza kitu.

Basi akarudisha kila kitu kilivyokuwa, akaanza kuuliza. Aliuliza jambo moja, akangoja jibu, ndipo akauliza la pili.

Akaizima mvua. Je, maji yatapanda? Hayakupanda. Yalitulia pale pale, mlangoni pa Dani, kama mgeni aliyekunywa chai na haagi. Ajabu. Jua lilikuwa likiwaka juu yake, la manjano, la duara, na maji hayakupungua hata tone. Kumbe mvua alikuwa akiisingizia bure. Mvua ilifanya kazi yake. Aliyelala kazini alikuwa jua.

Damu ikamchemka, lakini si kwa hasira. Alitaka kujua. Akaliandikia jua amri mpya: kila likishusha maji, litaje jina lake. Akaufungua mchezo, akakodoa macho. Kimya. Kiangazi kikavu, anga safi, na jua halikusema neno.

Akairudisha mvua huku jua likiwaka, ile mvua ya jua ambayo watoto huikimbilia nje. Na pale chini, kwenye kioo cha kompyuta, herufi ndogo zikaanza kumiminika: jua, jua, jua, jua.

"Jua gani hili," akauliza kwa sauti, "linalofanya kazi mvua ikinyesha tu?"

"Ang'o?" Dani akauliza. "Kuna nini?"

Akello alikuwa ameinamia mistari yake ya code, akiipitia kwa ncha ya kidole. Katika maandishi yale, mstari uliosogezwa ndani ni mtoto wa mstari ulio juu yake: mama asipotoka, mtoto hatoki. Na mstari wa jua ulikuwa umesogezwa ndani kidogo, kidogo sana, ukaketi chini ya mvua. Aliuweka hapo mwenyewe, kwa vidole vyake hivi, na jua lake likabaki limefungwa ndani ya mvua.

Akausogeza nje. Akaufungua mchezo.

Maji yalipanda. Mvua ikakatika, jua likawaka, na maji, taratibu, yakaanza kurudi nyuma. Kizingiti kikaonekana. Jiko likaonekana. Ua wa minyaa ukaibuka, umelowa, na Akello akacheka peke yake, akafuta macho, akacheka tena. Furaha ile ilikuwa yake, aliitafuta mwenyewe.

"Dani, njoo uone! Ni kwako!"

Dani akaweka uteo chini, akasogea. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ni kwangu," akasema polepole. "Lakini mlango, nyakwara, mjukuu wangu, umeweka upande ya barabara. Hapana."

Akello akaitazama nyumba. Kwa Dani yeye alikuwa akiingia siku zote kwa njia ya barabarani, mtoto wa likizo, mbio mbio, na mlango aliuchora pale alipokumbuka kuingilia. Hapa hapakuwa na mstari wa kusogeza wala jua la kuhoji. Hata Griffins asingejua. Akavuta kigoda karibu, magoti yao yakagusana.

"Basi nisaidie, Dani. Asubuhi ukifungua mlango, ulikuwa unaona nini kwanza?"

Dani akafumba macho. Akanyoosha mkono, akasukuma hewa taratibu, mpaka ikafunguka.

"Maji," akasema. "Lakini ilikuwa mbali."