Mwanga Ndani ya Chenga

Pasta Sebagabo hakuketi. Alisimama mlangoni mwa kibanda cha Pontien, fundi wa redio na televisheni katika soko la Base Camp, ndani ya kambi ya wakimbizi, akaegemeza mkono juu ya spika ya kanisa lake iliyokuwa ikingoja kutengenezwa.

"Fundi, mama Nyirabizimana anasema ni wewe njo ulimwambia nuru ya Mungu iko mu televizyo. Ni kweli?"

Pontien alikuwa ameshika kipande cha waya kati ya meno. Alikitoa taratibu.

"Hapana, Pasta. Mimi ni Mkatoliki, tena ni fundi tu. Nilimwambia antena yake haishiki kitu."

"Hata mimi nilifikiri vile. Basi anatudanganya, na kiongozi wa kwaya hawezi kudanganya kanisa. Jumapili tutamutoa."

Alisema hivyo kwa huzuni, akaaga, akaenda. Pontien alirudisha waya mdomoni, lakini kazi aliyokuwa akiifanya hakuikumbuka tena.

Nyirabizimana alikuwa mjane kutoka Kivu ya Kusini. Kwaya hiyo aliianzisha mwenyewe pale Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, watu wakiwa bado wanalala pamoja wakingoja kupewa viwanja. Mwezi uliopita alikuja kibandani na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, akitaka kutazama vipindi vya injili. Pontien alimweleza kwamba televisheni za aina hiyo hazishiki tena vituo bila king'amuzi. Aliiwasha ili aone mwenyewe. Kioo kilijaa chenga, nyeupe na nyeusi, zikichemka na kuvuma. Mama akaanza kufunga kitenge chake aondoke, na Pontien hakupenda aondoke mikono mitupu.

"Mama, usizione takataka," alimwambia. "Wataalamu wanasema chenga hizi ni mwanga uliotoka mwanzo wa ulimwengu. Bado unasafiri. Antena yako inaupokea."

"Mwanzo gani?"

"Ule wa kwanza kabisa. Kabla ya jua kuwapo."

Mama aliketi tena. "Fundi, sikiliza. Siku ya kwanza Mungu alisema iwe nuru. Jua alikuja kuliumba siku ya ine. Tangu nikiwa mutoto nilikuwa nauliza: ile nuru ya siku ya kwanza ilienda fasi gani? Baba alinipiga kofi. Hakuna mutu alinijibu." Aligusa kioo. "Kumbe iko hapa."

Pontien alimwacha aamini hivyo. Alitabasamu. Habari ya chenga aliisikia kwenye simu, katika kipindi cha Kifaransa, huku akipuliza vumbi ndani ya redio ya mtu. Kilichomfurahisha ni kusikia kwamba mmoja wa watu wa kwanza kufikiria habari za mwanzo huo alikuwa padri, Mbelgiji. Padri huyo alimkumbuka vizuri. Hakukumbuka vizuri kama walisema ni chenga zote au baadhi tu.

Mama alibeba televisheni yake, na tangu siku hiyo akawa anaomba mbele yake kila alfajiri.

Jioni ya siku aliyokuja Pasta, Cansilde, mke wa Pontien, alirudi kutoka bombani akicheka.

"Leo wanawake wamemshika mama wa watu! 'Mama Chenga, Mungu amekuambia nini leo? Shhhhh?' Naye anajibu tu, muulizeni fundi, muulizeni fundi..." Aliona mumewe hacheki. Akatua dumu. "Pontien. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Na Pasta alipokuja?"

Pontien alitazama mikono yake. "Spika zote za kanisa natengeneza mimi, Cansilde. Na mimi si wa kanisa lao. Watasema nimekuja kupanda uzushi."

"Sawa. Petro naye alipomkana Bwana alikuwa na sababu. Kulikuwa na baridi."

Alibeba dumu akaingia nalo ndani. Angemgombeza, ingekuwa afadhali.

Pontien alikuwa mtu wa kupima kwanza. Hakuwahi kumrudishia mteja redio bila kuisikiliza ikiimba. Kwa hiyo alijiambia kwamba kabla ya kusimama mbele ya watu ni lazima ahakikishe jambo lenyewe. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba lilimpa siku chache za kunyamaza, na alizipokea.

Ijumaa alikwenda mjini Mbarara kutafuta vipuri, akapitia shule anayofundisha Tumwebaze, mwalimu wa fizikia. Tumwebaze alizaliwa katika kambi ya jeshi ya Makenke, mtoto wa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Chenga ya TV?" Mwalimu alicheka. "Ni kweli, ssebo, lakini kidogo tu. Chukua chenga mia. Moja hivi ndiyo ya huko mwanzo. Ingine yote ni kelele: joto ya TV yenyewe, jua, pikipiki ya jirani."

"Na hiyo moja, mtu ataijuaje?"

"Kwa macho? Hapana. Hata mimi siwezi kukuonyesha."

"Na kabla ya mwanzo huo, kulikuwa na nini?"

Tumwebaze alifuta chaki vidoleni. "Hapo, fundi, hata mwalimu anangoja jibu. Jumapili mimi nakwenda kanisa kama wewe."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Pontien alikwenda kwenye kanisa la mabati la Pasta Sebagabo, akaketi benchi la mwisho. Nyirabizimana alikuwa mbele, peke yake, bila kitambaa cha kwaya begani. Pasta alisema kwamba mama ametaja shahidi, na shahidi amekana.

Pontien alisimama.

"Shahidi ni mimi. Nilimwambia. Pasta aliponiuliza, nikadanganya. Mama hakudanganya hata neno moja."

Watu waligeuka. Akawaeleza yote polepole: mwanga, safari yake, ile moja kati ya mia.

"Sasa zile tisini na kenda ni za shetani?" kijana mmoja aliuliza.

"Ni za pikipiki," Pontien alijibu, na kanisa zima likacheka, hata wazee.

Pasta alingoja kicheko kiishe. "Kwaya ibaki na mwenyewe," alisema. "Lakini mama, ile televizyo tusiifanye mazabahu."

Nje, Pontien alimfuata mama.

"Nisamehe, mama. Nilikuambia ni zote, kumbe ni moja katika mia."

Nyirabizimana alitabasamu. "Moja inanitosha. Hata mule ndani, tukiwa batu mia, mwenye kuomba kweli labda ni mumoja. Na Mungu anasikia."

Pontien alicheka pia. Alicheka mapema.

"Lakini ile ingine," mama aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Nilibaambia, muende muulize fundi. Nilisema vile nikijua kuna mutu. Kiisha Pasta anakuja kuniambia ule mutu amenikana. Nilikaa mbele ya ile mashini nikajiuliza kama kweli uliniambia, ao ni akili yangu imezeeka. Niliogopa, fundi. Na wewe ulikuwa hapo sokoni, ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua siku zote."

"Nifanye nini, mama?"

"Sijui. Leo usiniombe kitu."

Wanakwaya walikuwa wanamngoja mama kando ya ukuta. Alipofika walisogea, wakampa nafasi katikati, na mmoja akamvika kitambaa begani. Pontien alisimama akingoja kama atageuka. Kisha akaona kwamba hata kungoja huko kulikuwa kumwomba kitu, akaondoka.